Sista Aliyekataa Kunisafisha

Mimi darasa langu ni la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini kalamu hii nimeishika mwenyewe, kama nilivyoshika kila kitu maishani mwangu. Nilianza na baiskeli moja na tenga moja, natoa samaki Murangi napeleka Bunda, kipindi watu bado wanamdharau sangara, wanasema ana mafuta kama nguruwe. Mimi nikaona mbali. Leo ukishuka mwaloni pale Musoma, ufukweni samaki wanaposhushwa, ukauliza kwangu, hata kipofu atakuonyesha njia. Nina magari matatu ya barafu, ni mwenyekiti wa wachuuzi wa samaki kwa muhula wa tatu, na wenye viwanda vya minofu wakitaka kunipangia bei huwa wanakohoa kwanza.

Amenishinda mtu mmoja tu, naye ni nesi.

Wote tulimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa na mume, alikuwa na watoto, na alikuwa na kuku. Jina lake nalijua ila siliandiki, maana angekuja kuniuliza nani kanipa ruhusa. Alikotoka sijui. Kwa lafudhi hakuwa wa hapa, lakini Kijita alikisikia, Kizanaki alikisikia, na ukimsema kwa lugha ya kwenu ukidhani haelewi, ulikuwa umekwisha. Mwili mdogo, mikono mikubwa ya mtu mwingine. Alitembea haraka, na viatu vyake vilikuwa vya kiume.

Nilimjua kwa sababu ya kansa. Sikuwa nimefika miaka arobaini. Miezi mingi nilitoka damu chooni nikanyamaza, nikajidanganya ni bawasiri ya kukalia baiskeli. Mwisho nikapelekwa Mwanza, wakanipasua, wakatoa uvimbe kule mwisho wa utumbo, na njia ya choo wakaihamishia tumboni, kushoto kwa kitovu. Daktari akaniambia itabaki hapo siku zote. Nikarudi Musoma kwa meli, nimelala, mke wangu amenifunika kanga mbili ili abiria wasisikie harufu. Nikalazwa hospitali, wodi ya Sista, nikaushe kidonda.

Asubuhi ya kwanza alikuja na beseni la maji ya vuguvugu na vitambaa, akaviweka juu ya stuli. Mke wangu akainuka, akakunja mikono ya gauni.

"Mama, kaa."

"Sista, mimi ndiyo namfanyiaga."

"Ndiyo maana nakwambia ukae. Mwenye tumbo ni nani?"

Nikaingilia. Nikamwambia huku kwetu mwanaume hashiki uchafu wake wakati mke yupo.

"Huku kwenu wapi, baba? Mimi wanaume wa huku kwenu nimewaosha miaka. Wote wana matumbo."

Akatoka. Maji yakapoa. Tukabaki tunatazamana, mimi na mke wangu na beseni.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni ulikuwa huioni mpaka uwe na jamaa, na jamaa mwenyewe awe na jamaa. Mimi nilikuwa nayo, kwa sababu Sirari, mpakani na Kenya, siyo mbali kwa mtu mwenye miguu na akili. Nikaagiza nyumbani, ikaletwa katoni nzima ya sabuni za miche, imefunikwa mihogo juu. Nikampa Sista, nikamwambia ni zawadi, na kwamba nitashukuru akinihudumia kama mtu mzima anavyohudumiwa. Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, heshima zote. Siku hiyo hiyo kila kitanda kilipata kipande, kilichokatwa kwa uzi, vyote sawa. Changu akakiweka kwenye beseni.

"Sabuni nimepokea, Mungu akubariki. Ilikotoka sikuuliza na wewe usiniambie. Sasa jioshe."

Nilitukana. Sisemi nilimtukana nini, maana watoto wangu wanajua kusoma. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimemaliza, halafu akasema maneno ambayo nimeyatumia mwenyewe kwa vibarua wangu bila kuwaambia nimeyatoa wapi: "Mke wako atasafiri. Ataumwa. Atafiwa. Siku hiyo utakaa na uchafu unamsubiri?"

Nikajiosha. Sikutazama, nilifumba macho, nikapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Akasema hiyo haihesabiki.

Maana alikuwa na desturi yake, na haikuandikwa kwenye ukuta wowote. Huendi nyumbani mpaka ufanye kazi yote mwenyewe mara tatu, macho wazi, yeye amesimama kafunga mikono nyuma kama askari wa zamu. Kutoa mfuko, kuosha, kukausha, kupaka ute wa yai pembeni ngozi isiunguzwe, kufunga mfuko mwingine. Ukikosea hakugusi. Anasema "mmh", basi. Na ukishajua, ukienda zako, siku akikuita unarudi kumfundisha mgonjwa mwingine kwa kumwonyesha tumbo lako. La kwanza nililiweza. La pili nikamwambia wazi: hilo usahau. Biashara ya samaki ni mdomo na sura. Nilikuwa nautaka uenyekiti, na mtu asingempa uenyekiti mwanaume anayejisaidia tumboni. Aliyejua ni mke wangu, na Sista, na Mungu.

"Haya," akasema. "Nitakuita tu."

Kuhusu mifuko, leo mtu hawezi kuamini. Siku hizi nailoni zimejaa mpaka zinaning'inia kwenye miiba, ng'ombe wanakula wanakufa. Wakati ule mfuko wa nailoni ulifuliwa na kuanikwa kama shati. Sista alikusanya ya chumvi, ya mbegu, yoyote. Alimpa fundi cherehani mmoja turubai kuukuu, akamshonea mikanda ya kufunga kiunoni, katikati ina duara la mfuniko wa kopo la mafuta ya kula, limekatwa na kusuguliwa lisichome. Alinipa mikanda miwili, mmoja wa kuvaa na mmoja wa kufua. Akaniambia wa tatu nitashona mwenyewe. Nilishona. Mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko wa fundi, na hata yeye alikubali, ingawa alikubali kwa kusema "mmh".

Ute wa yai una hadithi yake. Dawa za kupaka hazikuwepo, akawa anaagiza mayai. Ute unapaka ngozini, kiini unakula upate nguvu. Na mayai aliuza yeye, kuku wake wakizunguka nyuma ya nyumba za watumishi. Wodi nzima tulimsema. Mzee mmoja wa Kiriba akamwambia: "Sista, wewe na jogoo wako mmepanga ugonjwa huu."

"Jogoo hatagi, mzee," akajibu. "Ndiyo maana mnakula sahani moja, wewe na yeye: wote hamna kazi."

Mzee akacheka akakohoa. Lakini wasiokuwa na kitu mayai waliyapata, niliona kwa macho yangu, anayaacha chini ya mto bila kusema. Mimi niliyekuwa nacho alinitoza, tena alinichagulia madogo.

Kitu alichokichukia kuliko uchafu ni neno "sijambo". Watu wetu utamkuta mtu anakata roho, ukimwuliza habari anasema nzuri, ndivyo tulivyolelewa. Sista aliitikia salamu zote, za watoto, za ng'ombe, za mvua, halafu anakaza macho: "Salamu tumemaliza. Naendelea vizuri siyo taarifa. Niambie jana ulilala saa ngapi."

Na wasiojua kuandika aliwapa uzi wa nyavu. Hili sijaliona kwingine. Kulikuwa na mama wa Bugwema mwenye kansa ya titi, kidonda kimefunguka, hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Sista akampa uzi mrefu. Kila jioni afunge: fundo moja siku ya maumivu ya kuvumilika, mafundo mawili siku asiyolala. Akiona damu mpya au usaha wa harufu nyingine, afunge kitambaa chekundu, na siku hiyo hiyo apande gari, asisubiri tarehe ya kliniki. Yule mama alikuwa anakuja na uzi umezungushwa kwenye kidole, Sista anaupitisha vidoleni polepole, amefumba macho, kama wanavyosali Wakatoliki.

"Wiki hii ya katikati ilikuwa mbaya."

"Mbaya, Sista. Nilikuwa nalima."

"Mkono wa upande gani?"

"Huo huo."

"Nani alikwambia ulime?"

"Njaa."

Sista hakugomba. Alimfundisha kulima kwa kupumzika, kuinua mkono ukutani kila asubuhi kama anayeangika nguo, kuosha kidonda kwa maji yaliyochemka yenye chumvi, na kumeza vidonge vya maumivu kabla maumivu hayajapanda. "Ukisubiri moto ushike paa," alisema, "ndoo moja haitoshi." Mama yule aliishi kupita walivyotabiri, halafu akafa. Sista alipanda gari mpaka Bugwema. Aliporudi niliuliza ilikuwaje, akasema, "Kidonda chake kilikuwa safi. Aliosha mwenyewe asubuhi ile." Siku ile hakugomba na mtu.

Msidhani nasifu malaika. Wagonjwa aliwataka saa mbili kamili, yeye anafika saa tatu, na ukisema neno anakuuliza kama umekuja kutibiwa au kuangalia saa. Sisi alitufukuza tuwahi kwa daktari kila tukiona kitu kipya, na yeye alikaa na jino bovu mwaka mzima, shavu limevimba upande mmoja kama amehifadhi andazi. Alimwogopa daktari wa meno. Ni huyo huyo mama wa Bugwema aliyemtazama siku moja, akamwambia kwa upole, "Sista, hilo jino ni mafundo mawili." Wodi ikalia kwa kicheko. Aling'oa wiki iliyofuata, akakataa kuzungumzia.

Mimi nilirudi kazini, na ninasema bila aibu kwamba nilirudi kwa nguvu. Lakini nilifanya makosa, na mawili nayaeleza kwa sababu yalikuwa ya kijinga na mtu mwingine asiyarudie.

La kwanza ni la mafuta. Ngozi ilianza kuwasha pembeni, mayai yakawa adimu, na mimi nimezungukwa na mafuta ya sangara, bure. Kila mtu ziwani anajua mafuta ya sangara yanaponya kila kitu. Nikajipaka, nikafunga mkanda juu, nikavaa suti yangu ya Kaunda, nikaenda Bunda kwenye mkutano wa wanunuzi. Nikasimama kuzungumza. Nazungumzaga vizuri, watu wananyamaza. Katikati ya hoja nikasikia mkanda unateleza, taratibu, kama kambale kwenye mkono. Niliishika hoja kwa mkono wa kulia na tumbo kwa mkono wa kushoto, nikasema nimeitwa dharura, nikatoka. Nilipomweleza Sista alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo mara pekee nilimwona akicheka hivyo.

"Mkanda juu ya mafuta! Wewe si unasema una akili?"

"Ya biashara, Sista."

"Basi tumbo nalo lifanyie biashara. Kikavu kishike kikavu."

La pili lilikuwa baya zaidi. Niligundua nisipokula, mfuko haujai. Basi nikiwa na safari nafunga kula siku mbili. Ikafika nikaenda Butiama kwa mkwe wangu, baba wa mke wa mwanangu mkubwa. Amechinja mbuzi, ugali wa mtama, wanaume tumezunguka sinia. Nikanawa mikono, nikakaa, sikugusa. Kwetu hiyo siyo kukataa chakula. Ni kumwambia mwenye nyumba kwamba unajua alichoweka ndani.

"Mkwe," akasema, sauti ya chini, "mimi nimekuwa mchawi lini?"

Nikasema tumbo linanisumbua. Akasema, "Barabarani halikukusumbua, limesumbuka kwangu." Alisimama akaenda kwa ng'ombe wake, akaniacha na sinia. Tulikaa miaka miwili hatuamkiani vizuri, na mwanangu katikati.

Sista nilipomsimulia hakucheka. Alinikalisha, tukapanga chakula kama watu wanaopanga safari ya gari: ukila saa hii, utatoka saa ile, maharage na kabichi usile siku ya safari, nyama kidogo, ugali kula, maji kunywa, kabla ya mkutano tafuta choo kwanza, siyo baada. Akasema niandike wiki mbili nimekula nini na kimetoka lini, mpaka nilijue tumbo langu kama ninavyolijua gari langu. Niliandika. Kwa mtu wa darasa la nne niliandika daftari zima. Halafu akaniuliza, "Mkwe wako umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwa nini hukula."

"Bora anione mbaya."

Akasema kuna watu wawili wamelazwa wanahitaji kuona mtu aliyepona, na mimi nimekaa pale mbele yake nimevaa saa ya dhahabu. Nikasema hapana. Aliniita tena mwaka uliofuata, nikasema nina safari. Akaniita tena. Nilimpelekea samaki, nilimpelekea mchele, biashara ilipofunguliwa nilimpelekea mifuko mizuri ya kutoka Nairobi, maboksi. Alipokea vyote. Nilidhani atachoka.

Sasa nafika mwisho, na ni miaka michache tu imepita. Alikuja mwenyewe mwaloni, mchana, na viatu vyake vile vya kiume, akapita katikati ya mizani na wapakiaji mpaka ofisini kwangu. Nywele zilikuwa nyeupe. Alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Akakataa soda.

"Baba, kuna mtu wodini. Kapasuliwa kama wewe. Hali chakula, hatazami tumbo, kageukia ukuta wiki mbili. Wanawe ndio wanamsafisha. Anasema apelekwe nyumbani afe."

"Mpe mwingine amfundishe."

"Nani? Mzee wa Kiriba tulimzika. Yupo mama mmoja, ila mwanamke hatamsikiliza. Wengine wamehama. Umebaki wewe."

"Ni mtu wa wapi?"

Akamtaja. Nikakaa chini. Alikuwa mwenye mitumbwi wa Murangi, mtu ninayemfahamu miaka ishirini, anayeniuzia samaki na kunitukana kwa bei, na mdomo wake hauna mlango. Kumwonyesha yule tumbo langu ilikuwa sawasawa na kulipeleka mnadani. Ndani ya wiki moja mwalo wote ungejua, kuanzia Murangi mpaka mpakani, na uchaguzi ulikuwa mwezi unaofuata.

Nikamweleza Sista yote hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, kama siku ile ya matusi.

"Nimeelewa," akasema. "Mimi sikulazimishi. Sijawahi kukulazimisha." Akainuka. Mlangoni akasema, bila hasira, "Ila atakufa kwa njaa, siyo kwa kansa. Nilitaka ujue."

Nikasaini karatasi mbili sijui za nini. Halafu nikachukua funguo.

Yule bwana alikuwa amelala amegeukia ukuta kweli. Mtu mkubwa, aliyekuwa anainua injini ya mtumbwi peke yake, amebaki mifupa na shuka. Sista alikuwa kitanda cha pili anapima mtu homa. Aliniona, akaendelea kupima.

"Wewe mwizi wa samaki," nikasema. "Geuka."

Akageuza shingo tu. "Mwenyekiti. Umekuja kuangalia maiti, upange bei?"

"Nimekuja uone kitu."

Nikafungua vifungo vya shati, nikashusha suruali kidogo, nikalegeza mkanda. Nikatoa mfuko, nikamwonyesha, palivyo, pekundu, pakavu pembeni. Yule bwana akageuka mzima. Akatazama tumbo, akatazama uso wangu, akarudi tumboni.

"Tangu lini?"

"Tangu unaniuzia samaki kwa kilo za uongo."

"Miaka yote hiyo? Na unakulaga?"

"Nakula kuliko wewe. Unaniona?"

"Na pale unapopanda jukwaani kutufokea..."

"Linakuwa humu humu."

Akavuta pumzi. Nilijua swali linalokuja.

"Watu wanajua?"

"Hapana," nikasema. "Watajua kesho. Nimekwambia wewe."

Kicheko kikaanza chini kabisa, kikapanda, kikatikisa kitanda kizima, akaguna kwa maumivu, na mkono wake wa kushoto ukaruka wenyewe, ukashika tumbo juu ya shuka, hasa pale pale alipokuwa hataki kupatazama, kupazuia pasiume.

Sista alikuwa amekwisha fika. Alisimama upande wa pili, amefunga mikono nyuma.

"Hapo hapo," akamwambia. "Usitoe mkono."